Alama za Vidole Kwenye Tonge

Saa moja kasoro robo asubuhi, brashi ya kunyolea ilianguka sakafuni mara ya tatu na povu likaruka hadi mlangoni. Mzee Machogu hakuiokota. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza, na wa kushoto haukuweza kuushika ule mpini wa plastiki, mviringo na laini. Jana alijipaka sabuni kwa vidole; wembe ukateleza, akajikata.

"Waambieni wageni warudi," alisema. "Siketi mbele ya wakwe na ndevu za mbuzi."

Wageni walikuwa njiani kutoka Nyamarambe, kuja kumposa bintiye, Joyline. Bila baba hakuna mazungumzo.

"Tata, nimwite kinyozi?" Joyline alimuuliza baba yake.

"Anayenyolewa na mwingine ni maiti. Mimi bado nakula."

Persis, mke wa mwanawe na mwalimu wa useremala, alisikiliza kutoka nje ya kizingiti. Mkaza mwana hamgusi baba mkwe. Hata chai aliiweka kwenye kigoda, mzee aichukue mwenyewe. Kwa hiyo hangeweza kumpima mkono ili amchongee mpini unaomfaa. Lakini kwenye sahani ya mzee, ambayo Joyline alikuwa ameitoa nje, kulikuwa na tonge la ugali wa wimbi, limefinywa halikuliwa. Alilichunguza. Gumba na vidole viwili vilikuwa vimezama. Vingine viwili havikuacha alama.

Mashine ya kukereza ilikuwa mjini, nayo ingetoa mpini mwingine wa mviringo. Alikata kipande cha mti mkavu wa kahawa, akakichonga kwa patasi, kisha akatoboa tundu kwa keke. Kikapasuka.

Alianza upya: tundu kwanza, umbo baadaye. Pande nne, kisha nane, kisha tupa ikachimba vishimo vitatu. Joyline alikwenda langoni, akarudi, akaenda tena.

"Mwalimu, hicho ni mpini au kiazi?"

"Kachemshe maji."

Persis aling'oa nywele za brashi ya zamani kwa koleo.

"Sasa hatuna brashi kabisa," Joyline alisema.

"Hatukuwa nayo."

Persis alizigandisha nywele kwenye tundu la mpini mpya, na gundi ilikuwa haijashika vizuri simu ilipolia. Obadiah, mume wa Persis, alikuwa anawaongoza wageni.

"Tumetoka Kisii mjini. Baba yuko tayari?"

"Endesha polepole," Persis alisema, akakata.

Alisubiri gundi ikauke, akaibonyeza kwa ukucha, akasubiri tena. Hatimaye aliiweka brashi juu ya kigoda, kishimo cha gumba kikielekea kwa mzee, akatoka.

"Kitu kibaya hiki," mzee alisema ndani.

"Ndiyo, tata," Persis alijibu kutoka nje, Joyline kando yake.

Kikombe cha sabuni kililia. Kikanyamaza. Kikalia tena, mfululizo. Joyline aliushika mkono wa Persis, wote wakisikiliza sakafu. Hakuna kilichoanguka.

Magari yalipozimwa langoni, mlango ulifunguka. Mzee Machogu alitoka na fimbo, mashavu safi, povu kidogo chini ya sikio. Aliwapita wanawake wawili, akaketi kwenye kiti kilichowaelekea wageni.