Njoo na Chombo Chako

Akai aliajiriwa na shirika dogo la Lodwar kuwashauri wenye biashara ndogondogo namna ya kupata riziki bila kuchafua mji wala kuwasahau majirani. Kazi aliipenda, na kila shauri lililomtoka kinywani aliliamini. Ndiyo maana simu ya Nyakong ilimchoma.

"Mwalimu, njoo Kakuma uone mazingira yako," Nyakong alisema, akakata.

Nyakong, mama kutoka Sudan Kusini, alikuwa na hoteli ya wali na maharagwe katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Majuma machache nyuma Akai alikuwa amemshawishi aache kufungia wateja chakula kwenye vikopo vya plastiki, maana upepo ulivisomba vyote hadi kwenye ua wa miiba wa kanisa. Tangazo likabandikwa mlangoni: bei ya sahani ni ile ile, njoo na chombo chako.

Akai alifika adhuhuri, akakuta foleni ndefu, akafurahi. Kisha akatazama mikononi mwa watu. Mama mmoja alikuja na sufuria ya kupikia harusi. Nyuma yake kulikuwa na jerikeni iliyokatwa juu. Wiyual, wa bodaboda, alikuwa amevua helmeti na kuikinga kama bakuli.

"Nimeiosha," Wiyual alisema kabla hajaulizwa.

"Helmeti si ya chakula, ndugu yangu."

"Si ni wewe ulisema kitu kimoja kifanye kazi nyingi?"

Nyakong akamkabidhi Akai upawa. "Pakua wewe. Mimi wananiambia chombo hakijajaa. Jana chakula kiliisha watu wakiwa bado barabarani."

Akai alihisi masikio yakiwaka. Shauri lilikuwa lake, hakuwa na wa kumsukumia. Akapanda juu ya kreti ya soda, akatangaza kwamba sahani ni pawa mbili, chombo kiwe kikombe au pipa. Foleni ilinung'unika. Mama wa sufuria aliinamisha sufuria yake huku na huku, akikitafuta chakula kilikojificha. Wiyual alienda kuazima bakuli, akilalamika kwamba sasa ataendesha kwa mkono mmoja.

Wa mwisho alikuwa Yien, kijana mrefu, amekumbatia karai kubwa.

"Na wewe hilo karai la nini?" Akai aliuliza kwa uchovu.

"Si langu, madam. Ni la bibi zetu watatu wa mtaani, hawana kingine. Wamechanga sahani moja."

Akai akatazama sufuria ya Nyakong iliyobaki na chakula kidogo chini, akatazama mbuzi waliokuwa wakisubiri mabaki nyuma ya hoteli, kisha akamtazama Nyakong.

Nyakong akamnyang'anya upawa. Alipakua, akapakua tena, akakwangua mpaka chini.

"Waambie mabaki ya kila siku ni yao," alimwambia Yien. Kisha akamgeukia Akai. "Na hili nimelifanya mwenyewe. Hukunishauri."

"Sijasema neno, mama."

"Ulitaka kusema. Nimeuona mdomo."

Tangu siku hiyo ua wa kanisa ulibaki na miiba tu, na Nyakong humwambia kila mgeni kwamba wazo lote lilikuwa lake. Akai hakubishana naye. Waliochukia ni mbuzi, ambao kila jioni walimsindikiza Yien hadi kwa bibi zake, wakilia njia nzima.