Msimamizi Aitwaye Margaret

Jumatatu moja ya mwaka 1999 mfumo ulinikataa. Niliandika neno langu la siri, nikaliandika tena, nikalikagua herufi kwa herufi. Ukanikataa tena. Nyuma yangu baba mdogo Hillary alikuwa akikoroga chai.

“Usiisumbue mashine, Vale,” alisema. “Funguo zote anazo Wambua sasa.”

“Wambua yupi?”

“Shemeji yangu. Kwani wako wangapi?”

“Yule anayewachapia watu barua za kuomba kazi karibu na stesheni?”

“Anajifunza haraka. Na kazi yako imekwisha. Nyumba ikikamilika, fundi hukabidhi ufunguo akaenda zake.”

“Websaiti si nyumba, baba mdogo. Ni shamba. Usipolipalilia—”

“Websaiti ni ya kampuni,” alinikatiza. “Kunywa chai uende.”

Sikunywa.

Ofisi ilikuwa Voi mjini, chumba kimoja chenye kompyuta moja na laini moja ya simu. Kompyuta aliinunua Hillary. Tovuti niliijenga mimi, nikiwa nimetoka chuoni Mombasa na cheti changu, miezi michache baada ya kumzika mama. Mama alisuka vikapu vya katani huko Werugha, juu kwenye milima ya Taita. Pambo lake alilibuni mwenyewe: mistari ya kahawia inayopanda kikapu ngazi kwa ngazi, kama matuta ya mashamba yetu yanavyopanda mlima. Wanawake wenzake walijifunza kwake, wakaliita Matuta ya Margaret. Nilitaka jina hilo lionekane mahali ambapo halingefutika. Hillary alitaka wanunuzi wa ng'ambo. Kwa muda tulidhani tunataka kitu kimoja.

Mfumo niliotumia kuiendesha tovuti hauuzwi. Waliouandika ni watu wa nchi mbalimbali ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Waliuacha wazi ili kila mtu ausome, aubadilishe na ampe mwenzake. Kwa mfumo huo niliweza kuongeza ukurasa, kuweka picha na kurekebisha maelezo bila kuijenga tovuti upya kila mara. Waandishi wake walidai jambo moja tu: majina yao, yaliyo chini ya kila ukurasa, yasiondolewe. Nilimweleza Hillary sharti hilo siku ya kwanza. Alilielewa vizuri sana.

Baada ya kufukuzwa nilipata kazi Kaloleni, mtaa wa hapo hapo Voi, katika duka la simu na faksi la Bwana Harith. Naye alikuwa na kompyuta. Siku ya kwanza laini ilipotulia niliifungua tovuti yetu. Ukurasa wa mama ulikuwepo. Picha ya kikapu chake ilikuwepo. Lakini pale nilipokuwa nimeandika kwamba pambo hili lilibuniwa na Margaret wa Werugha, sasa palisomeka Mumbe. Mama mdogo Mumbe, mke wa Hillary, alikuwa pichani, amekikumbatia kikapu kama mtoto wake. Mumbe hajawahi kusokota uzi wa katani. Chini kabisa, majina ya wageni walioandika mfumo yalikuwa salama, yote.

Niliyatazama kwa muda mrefu. Hillary hakuwa amesahau sharti. Aliwaheshimu watu wa mbali asiowajua, akamfuta marehemu wa nyumbani kwake.

“Mwanangu, mbona umekunja uso?” Bwana Harith aliuliza. “Hasira hasara, ati.”

“Hasara ya nani, Bwana Harith?”

Alifikiri. “Hutegemea,” alisema. “Wallahi, hutegemea.”

Sikwenda kupiga kelele. Kelele zingempa Hillary nafasi ya kuniita mtoto. Nilianza kwa kuikagua kazi ya Wambua. Ili kunitoa ndani, alikuwa ameuweka mfumo upya. Unapouweka mfumo ule kwa mara ya kwanza, kuna faili moja inayokuuliza: nani atakuwa msimamizi? Ukishajibu, unaifuta faili hiyo papo hapo. Maelekezo yanasema hivyo waziwazi. Usipoifuta, itaendelea kumuuliza kila apitaye. Niliandika anwani ya faili hiyo. Ikafunguka. Ikaniuliza kwa adabu: nani atakuwa msimamizi?

Nikajibu: Margaret.

Nilipoingia nilifanya jambo moja tu. Niliondoa jina la Mumbe, nikalirudisha la mama. Mfumo ule huandika pembeni mwa ukurasa jina la aliyeubadilisha mara ya mwisho. Ukaandika Margaret.

Wambua akalifuta. Nikalirudisha. Akabadilisha maneno yote ya siri na kumwondoa msimamizi aitwaye Margaret. Nikajibu lile swali upya, Margaret akarudi. Sikugusa kitu kingine. Ningeweza kuiangusha tovuti nzima kabla ya chakula cha mchana, lakini tovuti iliyoanguka ingemfanya Hillary aonewe huruma. Nilitaka alione jina lile moja, kila asubuhi, akiwa na chai yake.

Habari za ofisini nililetewa na Mumbe mwenyewe, siku alipokuja dukani kupiga simu kwao Ukambani. Alimaliza kuzungumza, akaniinamia juu ya kaunta.

“Vale, mamako alikuwa mtu wa kinyongo?”

“Alikuwa mtu wa vikapu, mama mdogo.”

“Usinichekeshe. Jina lake linarudi. Wambua anafuta, linarudi. Mashine yenyewe inaandika Margaret amebadilisha. Margaret yupi, na tulimzika sote?”

“Labda anapita kuangalia kazi yake.”

Aliishika kaunta kwa mikono miwili. Mchana ule nilikula nikashiba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Hillary naye alikuja. Hakukaa.

“Ni wewe.”

“Nimeingilia wapi, baba mdogo? Ufunguo si ulininyang'anya?”

“Wambua ameapa hakuna mlango uliobaki wazi.”

“Basi muulize Wambua. Si anajifunza haraka?”

Aliondoka. Hakuweza kunishtaki bila kukubali kwamba shemeji yake hakusoma maelekezo, na Hillary alikuwa amemsifu shemeji huyo kwa kila mtu mjini. Wiki hiyo mnunuzi wa Uholanzi aliandika. Alikuwa ameona jina la Margaret Jumanne na la Mumbe Alhamisi. Hangeagiza kikapu hata kimoja mpaka ajue nani hasa aliyelibuni pambo. Angefika mwenyewe, amwone.

Mdawida, yaani Mtaita, akikwama kiasi hicho, hata akiwa mzee wa kanisa kama Hillary, huukumbuka mlima. Kwetu uchungu wa mtu wa ukoo, ukifichwa moyoni, huwadhuru watoto, ng'ombe na mashamba. Kwa nini usiidhuru kompyuta? Dawa yake ni kutasa. Mwenye uchungu hutamka kinachomuuma, hujaza kinywa maji ya miwa, kisha huyatema yote chini, na uchungu ukatoka nayo. Fundi yeyote wa Nairobi angemwambia Hillary afute faili moja. Hakumpigia fundi. Alipanda Werugha na mtungi wa maji ya miwa, akamwomba mama yake, nyanya yangu, auite ukoo.

Tulikutana Jumamosi uani kwa nyanya. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye kabichi. Wasusi walikuja bila kuitwa, wakakaa nyuma na katani zao mapajani. Mumbe alikaa peke yake kando ya banda la ng'ombe. Hillary alijaza kibuyu akaninyooshea mimi.

“Ngoja,” nyanya alisema. “Anayeleta maji ndiye anayeanza.”

“Mama, mimi sina uchungu na mtu.”

“Basi una nini? Umepanda mlima wote huu kunionyesha miwa?”

Wasusi wakacheka. Hillary alikitazama kibuyu.

“Kama kuna mtu nimemkosea—”

“Maji hayatemwi kwa ‘kama’. Umechukua nini, Hillary?”

Nyanya hakumhimiza. Aliketi tu, mikono magotini, na sote tukangoja naye. Ng'ombe akacheua.

“Jina,” Hillary alisema mwishowe.

“La nani? Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii.”

“La shemeji Margaret.”

“Ukalipeleka wapi?”

“Nikampa mke wangu.”

“Mimi sikuliomba!” Mumbe alisema kutoka bandani. “Nilikwambia kikapu kile kinaniwasha mikono!”

Kicheko cha wasusi safari hii kilikuwa kirefu, na hakikuwa na huruma. Hillary alijaza kinywa, akatema. Maji yalimwagikia kiatu chake.

Kibuyu kikaja kwangu. Nilisimama. Nilisema kwamba tovuti ile inaendeshwa kwa kazi ya watu tusiowajua, ambao hawakutuomba kitu ila kuyaacha majina yao. “Baba mdogo aliyaacha,” nikasema. “Yako chini ya kila ukurasa, hakupunguza hata moja. La mama ndilo alilofuta. Aliyempikia alipokuwa mwanafunzi. Hicho ndicho kinachoniuma.”

Hakuna aliyecheka. Nyanya alifunga macho, akayafungua.

“Unataka nini ili uteme?”

“Websaiti iwe ya wasusi. Na ufunguo niwe nao mimi.”

“Hillary?”

“Achukue,” alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Vale, chukua. Lakini mimi nitabaki mwenyekiti, sivyo? Mimi ndiye niliyeleta kompyuta.”

Nilijaza kinywa. Maji yalikuwa matamu na baridi. Nikainama, nikatema mbele ya watu wote, yakarukia vumbi kwa mlio mzuri. Nilitema nusu. Nusu niliimeza.

“Yote?” nyanya aliuliza.

“Yote, nyanya.”

Alilitazama koo langu.

Jumatatu Wambua alinikabidhi maneno ya siri huku akiepuka macho yangu. Niliketi dukani kwa Bwana Harith nikafanya kazi kwa utaratibu. Kwanza nilifuta faili ile ya mlangoni. Pili niliandika jina la mama mahali pake, na chini ya kila kikapu jina la aliyekisuka. Mnunuzi alipofika nilimpeleka Werugha moja kwa moja, akaketi na wasusi wenyewe, akakishika kikapu cha mama, akakigeuzageuza. Aliporudi kwao nilishughulika na jambo la mwisho. Niliipitia orodha ya wasimamizi. Nikamwondoa Wambua. Nikamwondoa Hillary. Kisha nikaufungua ukurasa wenye picha ya mwenyekiti, nikaufuta.

Simu ililia dukani asubuhi iliyofuata.

“Vale, websaiti inanikataa.”

“Andika tena, baba mdogo. Herufi kwa herufi.”

“Nimeandika mpaka nimechoka! Na picha yangu iko wapi? Hata jina langu silioni!”

“Umetazama chini ya ukurasa?”

Nilimsikia akihema, akitafuta. “Hapa chini kuna majina ya wazungu tu.”

“Hao waliandika mfumo.”

“Lakini tulitasa! Ulitema mbele ya mama!”

“Websaiti ni ya wasusi,” nilimwambia. “Kunywa chai.”

Nikakata simu. Bwana Harith aliinua macho kutoka kwenye gazeti lake.

“Bado haijakwisha tu, hiyo hasira?”

“Imebaki kidogo,” nikasema, nikafungua ukurasa wa mama. Pembeni mfumo ulikuwa umeandika nani aliyeubadilisha mara ya mwisho: Margaret. Jina lile la msimamizi sikuwa nimeliondoa.