Ruhusa ya Kupita

Pale kwenye ujenzi wa barabara sheria ilikuwa moja, na msimamizi aliirudia kila asubuhi mpaka watu wakawa wanammalizia: hupiti karibu na katapila mpaka umtazame dereva, naye akutazame, ashushe ndoo chini, akuinulie mkono. Sheria nzuri. Ila aliyeitunga hakuwafikiria ndugu walionuniana.

Dereva wa katapila na mdogo wake, mtu wa koleo mtaroni, hawakuwa wakisemezana tangu msiba wa mama yao. Mdogo alifika watu wameshatoka makaburini, na kaka mtu akamuuliza mbele ya waombolezaji, "Umekuja kula?" Swali hilo lilimchoma mpaka kwenye mfupa. Sasa leo amtazame usoni na kumwomba ruhusa ya kupita? Thubutu! Akawa anakatiza kichwa chini, na kaka, badala ya kumwambia msimamizi, anampigia honi kama anayefukuza mbuzi. Wenzao wakacheka. Wajinga wote, wao na waliocheka.

Kisha asubuhi moja yule mdogo akasimama. Labda mkewe alikuwa amemsema, labda alichoka tu. Alisimama ukingoni mwa mtaro, koleo begani, akamtazama kaka yake kupitia kioo cha katapila na kuinua mkono. Hata akatabasamu kidogo.

Dereva alimwona vizuri, mpaka vumbi la kwenye nyusi. Moyo ulimruka, maana alikuwa amemkumbuka mdogo wake kuliko alivyokubali. Lakini kiburi kikawahi. Asubiri kidogo, naye aonje, alijisemea. Akajitia hamnazo, akageuzia uso lori la kifusi, akaendelea kuchota.

Mdogo alingoja, mkono juu, watu wakimtazama. Mwishowe akaushusha na kupita kama alivyozoea. Katapila likageuka kumwaga udongo, na nyuma ya mashine ikambana mguu kwenye rundo la mawe.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Msimamizi alikuja hospitali na swali moja. "Ulimtazama dereva kabla hujapita?"

Dereva alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, jasho likimtoka. Neno moja tu la mdogo wake, na leseni imekwenda, kazi imekwenda, pengine na jela juu.

"Hapana," mdogo alisema, akitazama dari. "Kosa langu. Sikumtazama."

Hapo ndipo mwanamume mwenye haya angesema. Dereva alifungua mdomo, msimamizi akamgeukia, naye akaufunga.

Kwenye korido mke wa mdogo wake alimshika mkono kwa mikono yake miwili, huku akilia. "Asante, shemeji. Wameniambia ni wewe uliyembeba mpaka kwenye gari. Bila wewe ningekuwa mjane."

"Usijali, shemeji," alimjibu. "Si ni ndugu yangu?"