Dari ya Bi Perrachon

Gaëtan Fournel alifuta bima ya nyumba yake mwezi Januari kwa sababu ya hesabu iliyokuwa sahihi siku alipoifanya. Makazi yake, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani mjini Saint-Étienne, yalikuwa yamepata mnunuzi, na mauzo yangekamilika kabla Februari haijaisha. Mnunuzi akatumia haki yake ya kujitoa ndani ya siku kumi. Barua ya kuirudisha bima Fournel aliiandika, akaiweka mezani, asiipeleke. Mwezi Aprili, wiki moja baada ya kupata mnunuzi wa pili, maji yaliyokuwa yakipenya polepole chini ya bafu lake yaliangusha kipande cha dari katika chumba cha kulala cha Bi Odile Perrachon, ghorofa ya pili.

Kipande kilikuwa na ukubwa wa sinia. Kiliangukia kitandani, mwenyewe akiwa jikoni anakwaruza viazi.

Bi Perrachon alikuwa na miaka sabini na minne, mjane wa fundi baiskeli. Fournel alipogonga mlango alimkuta ameshatandaza fomu mezani. Kwa ajali kama hiyo majirani hujaza fomu moja pamoja: safu ya huyu kushoto, safu ya yule kulia, saini mbili chini, na ndani ya siku tano za kazi inakwenda kwenye kampuni za bima. Bibi alikuwa amejaza safu yake kwa wino wa buluu. Fournel alijaza yake mpaka kwenye jina la kampuni, akasimamisha kalamu.

"Umelisahau jina?" aliuliza bibi.

"Sina bima, Bi Perrachon. Niliifuta Januari."

"Mtu msomi kama wewe." Alimtazama juu ya miwani. "Na nyumba nasikia umeuza."

"Bado. Tunatia saini tarehe ishirini na saba Juni."

Alimweleza yaliyobaki kwa sababu aliona hana njia nyingine. Fomu ikienda, mthamini atakuja, atapanda kuangalia mihimili ya sakafu, na mnunuzi atajua. Bila fedha za nyumba hii hakuna nyumba kule Brest, alikopata kazi ya kuanzia Septemba. Sheria ilimtaka amwambie mnunuzi hata kama fomu isingeandikwa. Alilijua hilo, na hakukusudia kumwambia.

"Basi tusiwasumbue watu wa bima," alisema bibi. "Wewe una mikono, mimi nina dari. Ikikauka, ukaipaka rangi, nikaridhika, naichana hii." Akaikunja fomu na kuitia kwenye droo ya vijiko.

Kuanzia hapo Fournel alishuka kila Jumamosi. Bafu lake alikuwa ameshalitengeneza, na valvu yake akaifunga kabisa. Alikuwa akioga kazini, katika maabara ya kupima zege. Huko ndiko alikoazima kipima unyevu. Kipima kilisoma thelathini na nane kwa mia, kisha thelathini na tatu, ishirini na saba, ishirini na mbili. Ikishuka chini ya kumi na tano angeweza kupiga plasta. Kila alipomaliza kupima palikuwa na la ziada: bawaba ya kabati, barua ya kampuni ya gesi, chupa za maji za kupandisha. Halafu chakula. Hakuwahi kuombwa kwa ukali, na hakuwahi kukataa.

"Kula, mwanangu. Marehemu angeimaliza dari hii Jumapili moja."

"Ingekuwa haijakauka."

"Na yeye vilevile asingekuwa mkavu, kwa mvinyo aliokuwa akiunywa," alisema bibi, akamwongezea chapati ya viazi.

Jumamosi ya tarehe saba Juni kipima kilisoma thelathini na moja.

Fournel alipima mara tatu. Alipanda kwake akapima sakafu chini ya bafu: kumi na nne. Maji hushuka, na juu ya dari ile hapakuwa na maji. Alirudi, akapanda ngazi na tochi. Unyevu ulikuwa juujuu tu, wenye umbo la duara, na pembeni yake vilionekana vitone vidogo vilivyolingana. Nyuma ya mlango ilisimama pampu ya kunyunyizia maua, yenye bomba refu. Aligusa ncha yake. Ilikuwa imelowa, na maua ya dirishani yalikuwa makavu.

Alikwenda jikoni na kuweka kipima mezani.

"Thelathini na moja, Bi Perrachon."

"Nyumba ya zamani hii. Ina vituko vyake."

"Wiki iliyopita ilikuwa ishirini na mbili."

"Basi tutangoja. Nani anakukimbiza?" Alikuwa akipanga sahani mbili. "Hata hiyo Brest, nasikia mvua tupu."

Fournel alihesabu siku ishirini. Dari isingekauka. Kama ingekauka, ingeloweshwa tena. Kumshtaki bibi kusingefaa, kwa sababu fomu bado ilikuwa drooni, karibu na mkono wake. Na akiwa Brest angengoja simu kutoka ghorofa ya pili kila wiki, mwaka baada ya mwaka.

Alifungua droo mwenyewe, akaitoa fomu. Mahali pa jina la kampuni aliandika "hakuna". Kisha alipiga simu ofisi ya mwanasheria wa mauzo. Ilikuwa imefungwa, akaacha ujumbe: maji yalivuja mwezi Aprili, jirani wa chini ameharibikiwa dari, yeye hana bima, mnunuzi aambiwe.

"Tia saini hapa, Bi Perrachon."

"Miwani yangu sijui iko wapi."

"Iko shingoni mwako."

Bibi aliivaa, akasoma safu zote mbili taratibu, akasaini. "Sasa watanilipa mimi, halafu wakugeukie wewe," alisema. "Umejichongea mwenyewe."

"Ndiyo. Na itakauka kwa wiki nne, usipoigusa."

Bibi alirudisha sahani moja kabatini.

Mnunuzi alijitoa siku ya Alhamisi. Brest walisema hawawezi kungoja, nafasi wakampa mwingine. Jumamosi, saa sita kasoro, simu ya Fournel ililia.

"Mthamini anakuja tarehe tisa Julai," alisema Bi Perrachon. "Amesema mtu asiguse kitu. Kwa hiyo usije na mwiko wa plasta, njoo na njaa tu. Nimekwaruza viazi."

Fournel alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bafu kavu. Alitafuta kisingizio, kisha akaona hakihitajiki.

"Hapana, Bi Perrachon," alisema. "Leo siji."