Siku Anazosafiri

Muuguzi alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kidevu kimegusa kifua, ndipo msusi akapata ujasiri wa kumuuliza. Ni rahisi kusema na mtu usiyemwona usoni. Aligawa nywele za kisogoni kwa mkia wa kitana, akasema mwaka wa pili wa ndoa huu unakatika na tumbo lake limenyamaza. Shangazi wa mumewe mwaka mzima sasa humletea mizizi ya kuchemsha.

Muuguzi hakumcheka. Alitaka kujua kama hedhi yake inakuja kwa mpango, kama ana maumivu au ugonjwa wowote. Kisha akamweleza polepole, sauti ikitoka chini kama ya mtu aliye kisimani. Yai hutoka mara moja kwa mwezi, yapata wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na halimalizi hata siku mbili. Zenye subira ni mbegu za mwanamume; zaweza kungoja ndani siku kadhaa.

"Siku chache kabla ya yai, na siku yenyewe, hizo ndizo za mimba," alisema. "Utazijua. Ute unakuwa mwepesi, unavutika kama wa yai bichi. Mkizikosa hizo, hata mkilala pamoja siku nyingine zote, mtakuwa mnatwanga maji kwenye kinu."

Msusi alicheka kidogo, akaongeza uzi kwenye msuko.

"Mumeo anakuwepo siku hizo?"

Mkono ulisimama. Mumewe alikuwa fundi vioo, na kila baada ya muda alisafiri kwenda kupachika madirisha miji ya mbali. Msusi aliuona ute ule mwezi uliopita, akadhani ni joto tu. Mumewe alikuwa safarini. Mwezi wa nyuma yake, safarini. Na ule mwingine aliondoka mvua ikinyesha, ingawa hakuna anayepachika vioo mvuani.

"Umenivuta, mdogo wangu," muuguzi alisema taratibu.

Msusi alimwomba radhi, akalegeza uzi.

Wazo la kwanza lilikuwa mwanamke mwingine. Lakini ni hawara gani anayefuata siku za mke wa mtu? Hakumwambia yeyote. Alisuka, akapika, akangoja. Ute uliporudi, mumewe aliweka mashati mawili kwenye begi, akaaga kwamba anakwenda mbali. Msusi alisubiri jua lipande, akafunga saluni, akaenda kwenye karakana ya mumewe.

Alimkuta peke yake, ameketi nyuma ya meza ya kukatia, begi lake limelala juu ya maboksi aliyoyatandaza sakafuni. Hakuwa na kazi yoyote mbele yake. Aliposikia hatua alidhani ni mteja, akainuka na tabasamu. Tabasamu lile lilikaa usoni muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Siku hizi umezijuaje?" msusi aliuliza.

Hakujifanya haelewi. Alisema ni kwenye yale mafunzo ya wachumba, siku ile ambayo yeye msusi alibaki kumsuka bibi harusi. Wenzake walisinzia, yeye alisikiliza kila neno. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kutazama tu kamba ya nguo, vitambaa vya hedhi vya mkewe vikianikwa, na kuanza kuhesabu.

"Walitufundisha ili tupate mtoto tukimtaka. Mimi nikashika upande wa kukwepa tu."

Watu walimwita Badala tangu utotoni. Msusi aliamini ni jina la kazi, la mtu anayetoa kioo kilichovunjika na kutia kingine. Sasa akamwambia.

"Nilikuja mimi, akaondoka mama. Mle chumbani tunamolala. Damu haikukatika mpaka alfajiri, wala hapakuwa na gari. Shangazi aliwasimulia wageni nikiwa mdogo, akidhani nimelala." Alipangusa meza iliyokwisha pangusika. "Ukizima taa namwona amekaa upande wako wa kitanda. Hanitishi. Anangoja tu, kama mtu aliyemwekea mwenzake nafasi."

Msusi alitaka kumwonea huruma, na huruma ilikuwepo, lakini hasira ilitangulia. Alimwambia amekunywa mizizi michungu mwaka mzima, majirani wakimhesabu tasa, na yeye anamtazama.

"Nilikuwa nakutilia sukari," mumewe alisema, na ndipo wote wawili wakalia.

Walikwenda pamoja kwa muuguzi, kliniki. Aliwapima, akawauliza, akasema nao bila kuficha. Damu iliyomwua mama haikupita kwa mwana ikaingia kwa mkwe. Ila kutokwa na damu kunaweza kumpata mzazi yeyote, na ndiyo maana mtu huanza kupimwa mapema, hutumia vidonge vya kuongeza damu, na hujifungulia penye dawa na watu. Na hizo hesabu zake, alimwambia fundi, si ukuta. Siku husogea kwa homa, kwa uchovu, hata kwa mawazo. Wanaotaka kusubiri wana njia za uhakika zaidi, nazo huchaguliwa na wawili.

"Unaniahidi hatakufa?" fundi aliuliza.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Siwezi. Ninachokuahidi ni kwamba siku hiyo hatanikuta mikono mitupu."

Shangazi alipoleta mizizi mingine, fundi aliipokea mlangoni, akamrudishia kwa heshima, akasema mwenye tatizo alikuwa yeye. Mama yule mtu mzima, aliyezoea kusema mpaka chai ipoe, alimwangalia msusi aliyesimama nyuma.

"Amekwambia ya mama yake?"

"Ameniambia, shangazi."

Akavuta ushungi, akaondoka bila kukaa.

Mambo yangeishia hapo kama hofu ingekuwa ya mtu mmoja. Mumewe alianza kulala, hata kukoroma. Msusi ndiye aliyebaki macho. Alipofagia chumba, ufagio ulipunguza mwendo karibu na kitanda. Alihamisha kitanda ukuta wa pili, mumewe akamsaidia bila kuuliza. Saluni alisuka mjamzito, kichwa chenye joto mapajani mwake, akajikuta anamuuliza kama watu wa kwao huzaa salama. Yule dada aligeuka, akamtazama vibaya. Nyumbani, alianza kulala ukingoni, akiacha nafasi katikati, bila kujua ni ya nani.

Ute ukarudi. Hakusema. Alikuwa anakunja nguo, mchana wa mvua, fundi alipoingia, mabega yamelowa, hakubeba begi. Alivua viatu, akajilaza upande wa ukutani.

"Leo ni zile siku," msusi alisema.

"Najua."

"Naogopa."

"Na mimi."

Msusi akaja akalala ubavuni pake, wote wawili wakitazama dari. Fundi hakumvuta. Alimshika kifundo cha mkono, akatafuta mshipa kwa vidole viwili, akaukosa, akautafuta tena. Alipoupata alitulia juu yake, akihesabu mapigo. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, nyumba nzima ikinguruma, na msusi akabana pumzi ili asimpotezee hesabu.