Twiga wa Miguu Mitatu

Andati aliingia nyumbani kwa Mzee Nzuki pale Jericho, Nairobi, Jumapili baada ya kanisa, akiwa na jambo moja tu moyoni: kuomba ruhusa ya kuwaleta wazee wake kutoka Kakamega waje kumposa binti wa Mzee, Ndinda. Maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima katika kibanda chake cha kutengeneza kompyuta huko Kayole. Kola ilikuwa imepigwa pasi mpaka inamkwaruza shingo.

Mzee hakumpa nafasi. Alikuwa sebuleni akipiga msasa twiga aliyemchonga mwenyewe.

"Ndinda anasema wewe ni fundi. Hii kompyuta yangu iko na picha za kazi zangu zote, na tangu asubuhi inazunguka tu. Angalia kwanza, hayo mengine baadaye."

"Ni dakika kumi tu, Mzee," Andati akasema, na hapo akajitia kitanzi mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa inajisasisha, na wala hakuna aliyeiomba. Iliandika kwamba imebaki dakika moja, isizimwe. Dakika hiyo ikamaliza chai ya kwanza, ikamaliza na ya pili pamoja na mkate. Kisha ikajizima, ikajiwasha, ikatangaza bila haya kwamba sasa zimebaki saa mbili. Aliyeona haya ni Andati, utadhani ndiye aliyeiunda.

"Hawa watu walitengeneza hii kitu wanakaa wapi?" Mzee akauliza.

"Ng'ambo, Mzee."

"Ndiyo maana. Wangekaa hapa Jericho tungeshawaendea kwa mlango. Sasa wewe, nikikuuzia twiga wa miguu mitatu, nikuambie mguu wa nne nitaleta mwezi ujao, utakubali?"

"Hapana, Mzee."

"Na nikija huo mwezi ujao, niweke mguu, nitoe shingo, niseme nimekuboreshea?"

Jikoni, Mama Ndinda aliangua kicheko. Andati naye akacheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakalegea. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, basi wakazungumza. Mzee akamweleza jinsi mguu wa twiga unavyovunjika kwa urahisi, na jinsi wachongaji wengine wanavyoubandika kwa gundi kisha wakapaka rangi ya viatu. Mnunuzi haoni kitu mpaka afike kwake.

"Na wako ukivunjika, Mzee?"

"Unaenda kwa jiko, kama kuni. Si umekunywa chai?"

Saa kumi na moja, Mzee akiwa ametoka kunawa mikono, kompyuta ilisema imeshindwa na inarudisha mambo yalivyokuwa. Hata hilo haikulimaliza vizuri. Picha zote zilikuwepo, lakini sauti ilikuwa imepotea. Andati alijaribu huku na huku, wapi.

"Mwambie imepona," Ndinda akamnong'oneza akiondoa vikombe. "Sauti utarekebisha siku ingine. Usiharibu leo, tafadhali."

Andati alitamani sana kumsikiliza. Alimpenda, na aliogopa. Mzee akarudi akijifuta mikono.

"Imepona?"

"Picha zako zote ziko, Mzee, lakini sauti imepotea." Andati akamwangalia usoni. "Zile dakika kumi nilikuwa najionyesha tu. Kusema kweli, sijui shida iko wapi. Niruhusu nirudi kesho na vifaa."

Ndinda aliinamisha kichwa. Mzee akakaa, akamchukua twiga wake, akamgeuzageuza.

"Tangu asubuhi nimekaa na hii mashine," akasema, "na haijaniambia neno moja la kweli kama hilo. Mama Ndinda! Ongeza unga, huyu anakula hapa." Kisha akamgeukia kijana. "Kesho leta vifaa. Jumamosi leta wazee wenu. Nilijua kilichokuleta tangu nione hiyo kola."

"Asante, Mzee," Andati akasema, na sauti yake nayo ikapotea.

"Ngoja kwanza." Mzee akamsimamisha twiga mezani, imara. "Sisi Wakamba posa tunaanza na mbuzi watatu. Hao mbuzi waje na miguu yote. Sitaki kuambiwa mguu mwingine utaletwa mwezi ujao."