Sauti ya Mama Kiherehere

Mama alipenda nyimbo za Krismasi za kwaya, za taratibu, zinazokokotwa mpaka msikilizaji anapitiwa na usingizi. Binti yake, fundi cherehani, alitaka za ngoma na gitaa. Redio ilikuwa moja, na kila Desemba waliigombania.

Kwaya ya mama ilikuwa imerekodi kaseti moja tu, na humo mama alisikika kuliko wote kwa sababu ya kosa lake: kiitikio kilipofika, "Amezaliwa", yeye aliingia kabla ya wenzake. Mwalimu wa kwaya alimkemea hadi akachoka, akampa jina la Mama Kiherehere. Mama alicheka, akaendelea kuwahi.

Mwaka juzi walizozana vibaya. Binti, hasira zimempanda, akarekodi nyimbo zake juu ya kaseti ile, pande zote mbili. Kisha aibu ikamshika, akaifungia kwenye droo ya cherehani. Mama hakuuliza. Mwezi wa tano mwaka huu alifariki, bado hajauliza.

Sasa kaka mtu amekuja, amekaa kwenye kiti cha mama, mchana kweupe.

"Mdogo wangu, hebu weka ile kaseti. Nina hamu na sauti yake, sikufichi."

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua droo, akaiweka kaseti redioni. Ngoma. Gitaa. Kaka akakunja uso.

"Hii ndiyo yenyewe?"

Wimbo uliisha. Kabla wa pili haujaanza, pale binti alipochelewa kubonyeza kitufe cha kurekodi siku ile, palibaki pengo la kufumba na kufumbua. Ndani yake alikuwamo mama, peke yake, mbele ya kwaya nzima:

"Ame..."

Ngoma zikamfunika.

Binti alisisimkwa mwili mzima. Kaka alirukia redio, akarudisha nyuma.

"Ame..."

Tena.

"Ame..."

"Ame nini?" kaka aliuliza. "Mbona anakatwa?"

Binti alikuwa akiusikia mwisho wa neno kila mara, waziwazi, kwa sauti ileile. Haukuwa "zaliwa".

"Amefuta," alisema. "Ni mimi, kaka. Nimemfuta mama."

Kaka alinyoosha mkono redioni. Alirudisha kaseti nyuma, akainamisha sikio, na mama akawahi tena.